Mjomba Aliyekuja kwa Siku Tatu

Hapo zamani za kale, katika enzi ambayo sheria zilitungwa kwa mdomo na kuvunjwa kwa mguu, palikuwa na kilima cha mawe kiitwacho Majabalini. Juu ya kilima hicho palikuwa na kisima, kimoja tu, kilichojichimba chenyewe ndani ya mwamba. Masika yalikijaza, na wakazi wakanywa humo taratibu mpaka masika mengine.

Wakazi wenyewe walikuwa wadogo, watoto wangu. Walikuwapo pimbi walioishi katika nyufa za mawe, kanga walioishi popote penye kelele, Kima na jamaa zake, na Kobe, mwenyekiti wa baraza, aliyechaguliwa kwa kuwa hakuna aliyepata kumwona akiharakisha uamuzi.

Mtawala ndiye hakuwa mdogo. Alikuwa Ngiri, na aliitwa Sultani Ngiri kwa sababu mwenyewe alipendekeza aitwe hivyo, na hakuna aliyepinga kwa sauti ya kusikika.

Sultani Ngiri alikuwa na sheria moja: asinywe mtu maji ila amepiga magoti. Na kwa nini magoti? Kwa sababu ngiri, kama ajuavyo yeyote aliyemwona malishoni, ana shingo fupi, na hula na kunywa amepiga magoti ya mbele. Ngiri alilitazama umbile lake, akaliona zuri, akalifanya sheria.

Sheria hiyo ilimwumiza kila mtu kidogo, lakini ilimwumiza Bibi Kidawa kupita kiasi. Bibi Kidawa alikuwa pimbi mkongwe ambaye magoti yake yalikuwa yamekakamaa kama vijiti vikavu. Siku ya kwanza alisimama kisimani akaomba ahurumiwe. Siku ya pili akaomba tena. Siku ya tatu ulimi ulikuwa umegandamana na kaakaa.

"Sheria haina uzee," akasema Ngiri. "Ngrrr! Mwondoeni."

Bintiye Bibi Kidawa aliitwa Mwasiti. Alikuwa mama wa watoto watatu wachanga, naye alijulikana kilimani kote kwa tabia moja iliyowachosha majirani: hakukubali neno kabla hajaligeuza na kuliangalia upande wa pili. Akiambiwa mvua imenyesha, alitoka nje kushika majani.

Basi adhuhuri moja, Ngiri akiwa amelala matopeni anakoroma, baraza likakutana kwa siri penye bapa la jiwe.

"Tumwite Tembo!" akasema Kima, hatulii, ruka huku, ruka kule. "Tembo wa Mbuga ya Kilole! Mara moja tu, puu! Ngiri chini, sisi huru, kesho yake pilau!"

"Kele-kele-kele! Pilau!" wakaitikia kanga.

Mwasiti akanyoosha mkono. "Nina maswali."

"Tulijua," akasema Kobe, akafumba macho.

"Kaka Kima, huyo Tembo amewahi kuifanya kazi hii mahali pengine?"

"Amewahi! Kule mtoni alimfukuza Mamba. Leo nenda mtoni, hutamwona Mamba hata wa dawa."

"Na leo ukingoni mwa mto anakaa nani?"

"Kiboko."

"Kiboko anauma?"

Kima akajikuna kisogo. "Anauma, dada. Lakini haumi kama Mamba. Mamba aliuma kwa ubaya."

"Na Kiboko?"

"Kwa bahati mbaya."

"Haya. Kwingine?"

"Bondeni! Alimwondoa Fisi. Bonde lote limetulia, shwari, husikii hata sauti."

"Nani anatawala bondeni sasa?"

"Hakuna."

"Wanajitawala wenyewe?"

"Hakuna mtu, dada. Walihama."

"Basi tuna kesi mbili," akasema Mwasiti, "na katika zote mbili Tembo alishinda. Ninachouliza mimi ni kama wenyeji nao walishinda."

Kanga wakanyamaza. Kilikuwa kitu cha nadra, hata Ngiri akajigeuza usingizini.

Kima hakuwa mpumbavu, tusimwonee. Akaacha kuruka, akamsogelea Mwasiti, akasema kwa sauti ya chini: "Maswali yako mazuri. Lakini mama yako ana siku tatu hajanywa maji. Sisi tunamwogopa Ngiri, na wewe unamwogopa. Nipe njia yako nyingine niitetee mbele ya hadhara hii. Nipe moja."

Mwasiti akaitafuta. Aliitafuta kwa haki, kushoto na kulia, asiione. Hapo akatambua jambo ambalo wenye kupenda maswali hulitambua kwa kuchelewa: shaka, hata iwe na msingi imara namna gani, hainyweki.

"Aitwe," akasema. "Lakini kwa masharti matatu. Aje, amtoe, aondoke."

Likabaki tatizo moja. Tembo alijigamba kwamba haingii nyumba ya mtu mpaka aitwe na ndugu yake aliyedhulumiwa. Majabalini palikuwa na ndugu gani wa tembo?

"Fungua mdomo, dada," akasema Kima. Mwasiti akafungua. "Tazameni! Meno mawili ya mbele, marefu, yamechongoka! Na wazee hawakuwahi kusema kwamba pimbi ni jamaa ya tembo?"

"Walisema," akakiri Kobe. "Hawakusema jamaa ya karibu."

"Ukaribu utakuja wenyewe," akasema Kima, akashuka kilima mbio.

Siku ya pili yake ardhi ikaanza kusema. Ndi! Ndi! Ndi! Mawe madogo yakateremka, vumbi likapanda, na Tembo akatokea, kama kilima kilichokuja kumtembelea kilima mwenzake.

"Wako wapi wapwa zangu?" akanguruma. "Machozi yenu yamefika masikioni mwangu, na masikio yangu, kama mnavyoona, si haba!"

"Shikamoo, mjomba," akasema Mwasiti.

"Marahaba, mpwa wangu! Hebu meno. Aa! Damu yangu kabisa!"

"Mjomba, masharti yetu umeyapata? Uje, umtoe, uondoke."

"Nimeyapata, nimeyapenda. Siku tatu tu, hali ikitulia."

"Hatukuandika moyoni 'hali ikitulia', mjomba."

"Limo sasa."

"Na ni nani atakayeupima huo utulivu?"

"Mwenye uzito wa kupimia," akasema Tembo, na swali likaishia hapo.

Kumtoa Ngiri hakukuchukua muda wa kumenya karanga. Mkonga ukashuka, vuup! Ukapanda na Ngiri, miguu minne ikipiga hewa. Puu! Sultani akatua kwenye kichaka cha miiba, mkia juu. Kilima kizima kikalipuka. Kanga walipiga kelele mpaka wakakauka makoo, pimbi walipiga vifijo, Kima akacheza mpaka akaanguka mtini.

Siku hiyo Bibi Kidawa alikwenda kisimani, akasimama, akanywa. Akanywa, akanywa, akapumua, akanywa tena. Mwasiti alimtazama koo likipanda na kushuka. Kwa kuwa alikuwa mwadilifu hata kwa wale asiowaamini, akaliweka jambo hilo upande wa Tembo, akakubali kwamba ni zito.

Asubuhi ya pili Tembo akaketi karibu na kigoda cha Ngiri. Hakukikalia, maana hakikumtosha. Alikiweka mguuni kama ushahidi.

"Wapwa zangu! Kupiga magoti ni utumwa. Nimeufuta!"

"Kele-kele! Hongera, mjomba!"

"Kuanzia leo mtakunywa kama wanavyokunywa walio huru: wima, kichwa juu. Aliye huru hayaendei maji kwa kuinamisha uso. Maji ndiyo yanayomjia. Tazameni." Akatumbukiza mkonga, fyuuu! Akauinua, akajimiminia kinywani. "Rahisi. Haya, mmoja mmoja."

Kanga wa kwanza akainua kichwa, akangoja maji yamjie. Yakakataa. Wa pili akaruka juu ya kisima akiwa wima, chubwi! Akatolewa kwa mti. Kima akateka kwa kiganja.

"Mkono hapana," akasema Tembo kwa upole. "Mkono ni njia ya mkato. Uhuru hauna njia ya mkato."

Bibi Kidawa alijaribu mara mbili, kisha akaketi chini. "Mwanangu Mwasiti, juzi nilishindwa na magoti, leo nashindwa na pua. Hivi hawa wanaopokezana kututawala, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona pimbi?"

"Nyamaza, mama. Nitakuletea maji kwa jani."

"Kwa siri?"

"Kwa siri."

"Basi tumekombolewa kweli," akasema Bibi Kidawa.

Siku ya tatu ikafika, ikapita. Siku ya nne Tembo akagundua kwamba hajui njia za kilima, hajui majina, wala hajui nani kagombana na nani kwa ajili ya ufa gani. Alihitaji mtu mwenye uzoefu. Akauliza nani ana uzoefu. Akaletwa Ngiri, miiba ingali matakoni.

"Mshauri wa Mila na Desturi," Tembo akamtangaza. "Amejirekebisha."

"Ndiyo, mjomba," akasema Ngiri.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yake. Ndiyo, mjomba, asubuhi. Ndiyo, mjomba, mchana. Siku moja Tembo alipiga chafya, na Ngiri akasema ndiyo, mjomba, kabla haijaisha.

Mwasiti hakujishughulisha na Ngiri. Alikuwa akitazama kisima. Tembo alikunywa asubuhi, akanywa mchana, na jioni alijimwagia mgongoni kwa ajili ya joto. Siku aliyowasili Tembo, Mwasiti alikuwa amechora mstari kwa jiwe pale maji yalipofika. Akawa anachora kila siku, na kila siku mstari mpya ulikuwa shibiri nzima chini ya ule wa jana. Akashusha ufito mpaka chini, akapima. Zilikuwa zimebaki shibiri kumi na nane. Masika yalikuwa miezi miwili mbele.

Hapo akawafikiria wanawe. Kisima kikikauka itabidi kuhama, na kuhama ni kuvuka uwanda, na juu ya uwanda, mchana kutwa, Tai alizunguka bila haraka, kwa sababu anayengoja pimbi wachanga hana haja ya haraka. Watoto wake watatu walikuwa bado hawajui kukimbia. Wakitoka kilimani kabla ya masika, hatafika nao hata mmoja.

Akamwendea Tembo.

"Mjomba, siku tatu zimekuwa kumi."

"Hali haijatulia, mpwa. Sikia hizo kelele."

"Hao ni kanga, mjomba. Walizaliwa nazo."

"Kelele ni kelele."

Mwasiti akawaendea kanga, akawabembeleza, wakafunga midomo siku mbili kamili, wawili wakaugua. Akarudi.

"Mjomba, sasa kimya."

"Nimekisikia," akasema Tembo, akiwa ametega sikio. "Kimya hiki kinanitia shaka. Wanapanga jambo. Nikiondoka sasa nitakuwa nimewatupa wapwa zangu."

"Kwa hiyo kukiwa na kelele unabaki, na kukiwa na kimya unabaki."

"Mjomba hatoroki majukumu."

"Ndiyo, mjomba!" akaitikia Ngiri pembeni.

Mwasiti akaona kwamba hoja zimefika ukingoni. Mwenye kuhukumu kesi yake mwenyewe hashindwi. Na mwenye uzito ule hasukumwi. Basi akaacha kuuliza Tembo anastahili nini, akaanza kuuliza Tembo anachukia nini.

Jibu halikuwa mbali. Kwa mila ya pimbi, watoto wangu, ukoo mzima una choo kimoja. Hakihamishwi. Babu alikaa hapo, na baba yake babu, na aliyemtangulia. Na kile walichoacha vizazi vyote hivyo hurundikana, hukauka, huwa kigumu kama mwamba na cheusi kama lami, na harufu yake humpokea mgeni kabla ya wenyeji. Choo cha pimbi wa Majabalini kilikuwa kimeteremka gengeni kwa urefu wa minazi miwili. Tembo, mwenye pua ndefu kuliko viumbe wote, alikuwa amehamisha malazi yake mara nne kukikimbia. Alishaamuru kiondolewe. Ngiri alisema ndiyo, mjomba. Choo hakikusema kitu, kikabaki.

Jioni ile Mwasiti akapita ufa hadi ufa. "Kesho asubuhi asitoke pimbi kuota jua. Hata mmoja. Hata sikio. Na asikohoe mtu. Mama, wewe hasa."

"Mimi nimefanya nini?"

"Wewe umesafiri, mama. Uko njiani tangu jana."

"Kwa magoti haya?" akasema Bibi Kidawa, akacheka mpaka machozi.

Kulipokucha, Tembo akafumbua macho akaona mawe matupu. Kila asubuhi mawe yale yalijaa pimbi, wamejipanga kwa rika, wameelekeza matumbo juani. Leo hapakuwa na mtu ila Mwasiti, mkeka kwapani, kifurushi kichwani.

"Mpwa wangu, wenzako wako wapi?"

"Wamesafiri, mjomba."

"Wapi?"

"Kwako."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Kwangu kupi?"

"Mbugani Kilole, penye ming'ong'o saba na bwawa. Tumepokea malalamiko."

"Malalamiko ya nani?"

"Ya Kindi anayeishi katika mng'ong'o wa tatu. Inadaiwa kwamba kila asubuhi unautikisa mti wake ili matunda yaanguke, naye yumo ndani amelala. Anadai hujawahi kumwomba radhi, sembuse ruhusa."

"Mti ni wangu!"

"Ndivyo alivyosema Ngiri kuhusu kisima."

Ngiri akakohoa, akatazama mawingu.

"Na nyinyi pimbi, Kindi anawahusu nini?"

"Ndugu yetu, mjomba. Tumempima meno. Ya mbele ni marefu."

Tembo akapapasa pembe zake kwa mkonga. "Mmekwenda kufanya nini hasa?"

"Kumkomboa. Kisha tutakaa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka hali itulie."

"Ha!" akacheka Tembo, lakini kicheko kilikuwa na mfupa ndani yake. "Pimbi! Mko wangapi? Mia tatu? Nikikanyaga mara moja tu, chapwa!"

"Hatukwenda kupigana, mjomba. Tumekwenda kukaa. Na mila yetu unaifahamu. Pimbi wakikaa mahali, la kwanza ni choo cha ukoo."

Upepo ukageuka kidogo, ukamletea Tembo ushahidi.

"Choo," akasema polepole.

"Cha ukoo. Kama kile."

"Mnakusudia kukiweka wapi?"

"Wazee wamependekeza ukingoni mwa bwawa. Wanasema panapita hewa."

"Bwawa langu la kunywa?"

"Kwani kuna jingine, mjomba?"

"Na mkiondoka? Mtakiondoa?"

"Choo cha ukoo hakiondolewi. Mwenyewe umeshaamuru mara tatu, na matokeo unayanusa. Akishaketi mkubwa wa ukoo akakizindua, basi, imekuwa haki yetu na ya watakaozaliwa."

"Ameshakizindua?" Sauti ya Tembo ilipanda mpaka ikawa ya ndama.

"Mwenye haki hiyo ni mama yangu, kwa umri. Aliondoka jana mapema. Lakini magoti yake unayajua. Mwenye kukimbia anaweza akamwahi."

Ndi! Tembo akasimama. "Warudishe! Warudishe sasa hivi! Ni utovu gani wa adabu huu? Nani kawatuma mkaingilie mambo ya ndani ya nyumba ya mtu? Kindi ana shida na mimi, tutaelewana mimi na Kindi! Kila mtu na kwake!"

"Kila mtu, mjomba?"

"Kila mtu!"

"Hoja nzito hiyo. Ningependa kuwafikishia wenzangu njiani ili wageuke. Lakini wataniuliza: ni maneno ya hasira, au ni kiapo?"

"Kiapo!"

"Kinachomfunga pimbi peke yake, au kila mwenye miguu minne?"

Tembo akatazama upande wa Kilole, akatazama jua linavyopanda. "Kila mwenye miguu minne! Haya, niache nipite!"

"Mashahidi wapo," akasema Mwasiti. Na kweli, kanga walikwishajaa juu ya mawe, na Kobe alikuwa ametoa kichwa chote, jambo alilolifanya kwa sikukuu tu.

"Naapa kwa pembe zangu mbili," akasema Tembo haraka haraka, "asiingie mtu nyumba ya mwenziwe kumpangia maisha..."

"Hata akiitwa na ndugu," akamkumbusha Mwasiti.

"Hata akiitwa na ndugu..."

"Hata kwa nia njema."

Tembo akasita. "Hiyo ya nia njema ina lazima?"

"Mjomba, ndiyo hasa inayohusika. Sisi sote tumekwenda kwako kwa nia njema."

"Hata kwa nia njema!" akapiga ukelele Tembo, akageuka.

"Nenda, mjomba," akasema Ngiri, macho yakimng'aa. "Mimi nitakushikia kigoda."

Ndi-ndi-ndi-ndi! Vumbi likamfuata mpaka upeo wa macho. Alipofika Kilole alikuta ming'ong'o imesimama, bwawa limetulia, na Kindi amelala. Inasemekana alinusa ukingo wote wa bwawa kwa siku saba. Alijua kwamba amechezewa shere. Lakini kiapo ni kiapo, na masikini Tembo hajaumbiwa kusahau.

Majabalini, huku nyuma, vumbi halijatua Ngiri akawa ameketi kigodani.

"Ngrrr! Mambo yamerudi yalivyokuwa! Kisimani kwa magoti!"

Pimbi walikuwa wakitoka nyufani mmoja mmoja, wakipepesa macho. Wakasimama. Ngiri alikuwa na pembe zile zile, na kila mmoja alizikumbuka. Mwasiti naye hakuwa na hila nyingine. Hila zake zote zilikuwa zimeishia katika kifurushi kile, ambacho ndani yake mlikuwa na majani makavu tu. Alihesabu: akiruka yeye mbele, atachomwa, asiporuka, kazi yote imekuwa bure.

"Nimesema magoti!" akafoka Ngiri.

Kutoka nyuma ya umati, sauti nyembamba ya kizee ikajibu: "Ndiyo, mjomba."

Iliiga usemaji wa Ngiri barabara, kwa mkunjo wake na unyenyekevu wake. Kanga mmoja akapasuka kicheko. Kisha wawili. Kisha kilima kizima.

"Nani huyo? Nyamazeni!"

"Ndiyo, mjomba!" wakaitikia kima kutoka matawini.

"Nitawatoboa!"

"Ndiyo, mjomba! Kele-kele-kele! Ndiyo, mjomba!"

Ngiri alishambulia hatua mbili, akasimama. Hakuna aliyekimbia. Walikuwa wameinama wanashika mbavu, na ni vigumu mno kumtisha mtu ambaye tayari hawezi kusimama kwa kucheka. Alitazama huku na huku akitafuta hata mmoja anayemwogopa ili aanzie hapo. Hakumwona. Akakiacha kigoda, akaenda zake chini ya kilima, mkia umesimama kama bendera ya nchi isiyo na raia.

Bibi Kidawa akapasua umati, akaenda kisimani, akanywa kama pimbi anywavyo.

Jioni baraza likakutana, na Kima, aliyekuwa ametafakari siku nzima, akaomba kusema.

"Dada Mwasiti, utakubali kwamba Tembo alitusaidia. Bila yeye Ngiri asingesikika akisema 'Ndiyo, mjomba', nasi tusingepata la kumcheka. Kwa hiyo mpango wangu ulifaulu."

Mwasiti akaligeuza jambo hilo, upande huu na upande ule, maana lilistahili. "Inawezekana," akasema. "Na siku ile ya kwanza mama yangu alikunywa maji kwa sababu ya Tembo. Siwezi kulikana hilo, wala sitalikana. Lakini njoo huku, kaka."

Akamwongoza mpaka ukingoni mwa kisima. "Huo mstari wa juu ni siku aliyowasili Tembo. Maji haya hapa. Teremsha mkono, unipimie ukombozi wetu."

Kima akalala kifudifudi, akateremsha mkono wake mrefu, wote, mpaka bega likagusa jiwe. Hakuyafikia.

"Masika lini?" akauliza, bado amelala pale pale.

"Siku hamsini na tano. Tutakunywa nusu nusu. Mimi nitawanyima maji wanangu, na wewe wako. Tukishika adabu, hakuna atakayehama."

Kima akainuka, akajipangusa kifua. Akaenda kusimama mwisho wa foleni ya maji.

Basi, watoto wangu, hadithi imefika kwake nami nimefika kwangu: kabla hamjamwita mwenye nguvu aje amtoe dhalimu wenu, kubalianeni kwanza ni nani atakayemtoa mwenye nguvu.